Kabla Kompyuta Haijajua Saa Wala Jina Lake

Nimesafiri kwa basi, kwa treni na kwa boti, lakini safari ninayoisimulia hapa niliifanya nikiwa nimekaa kwenye kigoda, ndani ya karakana ndogo ya kompyuta, Kariakoo, Dar es Salaam. Njia yake ni fupi. Inaanzia pale kidole kinapobonyeza kitufe cha kuwashia, na inaishia pale kompyuta inapokuomba nenosiri. Wengi wetu huipita njia hiyo huku tukitafuta miwani au tukivuta kiti. Mimi nilitaka kuipita macho wazi, nikiwa na maswali mawili. Kompyuta inapoamka, nani huiambia ni saa ngapi? Na inapohitaji namba ambayo hakuna kompyuta nyingine duniani iliyo nayo, huitoa wapi?

Mwenyeji wangu alikuwa fundi kijana, mtu wa maneno machache, aliyeniita dada tangu nilipobisha hodi. Aliweka mezani mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mezani ya zamani, ubavu wake umefunguliwa. Ya pili ilikuwa Raspberry Pi 3, kompyuta nzima juu ya ubao unaotoshea kiganjani. Zote mbili zilitumia Linux, mfumo endeshi usioficha njia yake: unachofanya unapoamka hukiandika mstari kwa mstari, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

"Dada, usiwe na haraka ya kufika mwisho," aliniambia. "Wewe angalia namba zilizo kwenye mabano, upande wa kushoto."

Kituo cha kwanza: betri

Tulianzia kwenye ubao mama wa kompyuta ya mezani. Fundi alinionyesha betri ya duara, bapa, inayong'aa, yenye maandishi CR2032. Nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuuliza kazi yake. Betri hiyo huifanya saa iendelee kutembea wakati kompyuta imezimwa, umeme umekatika au waya umechomolewa ukutani. Saa yenyewe inategemea kipande kidogo cha kioo cha kwatzi kinachotikisika mara 32,768 kila sekunde. Niliuliza namba hiyo imeokotwa wapi. Fundi alichukua kalamu, akaandika 1, akaizidisha kwa mbili, akaizidisha tena kwa mbili, na alipofanya hivyo mara 15 akafika 32,768. Saketi rahisi ikigawa mitikisiko hiyo kwa mbili mara 15, inabaki tiki moja kila sekunde. Nilifurahi sana. Namba iliyoonekana haina mwenyewe ilikuwa na hesabu safi ndani yake.

Muundo wa saa hii umetokana na chipu ya Motorola iitwayo MC146818, ambayo IBM waliitia kwenye kompyuta yao ya PC/AT mwaka 1984. Kompyuta za ukoo huo zimeendelea kuulizwa saa kwa utaratibu uleule: prosesa inataja namba ya chumba, kisha inasoma kilichomo. Chumba cha 0 kina sekunde, cha 2 kina dakika, cha 4 kina saa, cha 7 kina tarehe, cha 8 mwezi na cha 9 mwaka. Mwaka wenyewe una tarakimu mbili tu. Chipu ya asili haikutengewa nafasi ya karne, hivyo karne ilibidi ihifadhiwe kando au ikisiwe na programu.

Kilichonisisimua zaidi ni hatari ya kuisoma saa wakati inajibadilisha. Tuseme ni 10:59:59. Programu inasoma chumba cha saa na kupata 10. Kabla haijafika kwenye chumba cha dakika, sekunde inageuka na dakika zinakuwa 00. Programu inaondoka ikiamini ni 10:00, saa nzima nyuma ya ukweli, na hakuna aliyeidanganya. Ili kuzuia hilo, chipu hunyanyua biti moja ya tahadhari inapokuwa katikati ya kubadilika, na Linux husubiri biti hiyo ishuke ndipo isome. Nilipenda kwamba hatua ya kwanza kabisa ya kujua saa ni adabu ya kusubiri.

Hapo pia nilikutana na swali la nyumbani: saa ya kwenye ubao ni saa ya wapi? Linux kwa kawaida huiweka katika UTC, saa ya kimataifa. Windows huiweka katika saa ya mahali. Sisi Afrika Mashariki tumeitangulia UTC kwa saa tatu, kwa hiyo kompyuta yenye mifumo hiyo miwili pamoja inaweza kuamka ikiwa imekosea kwa saa tatu kamili, kutegemea ni mfumo gani ulioigusa saa mwisho. Nasi tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza tuna hesabu moja zaidi ya kufanya kichwani. Ubao unaposema 06:00, ukutani Kariakoo ni 09:00, na mdomoni mwetu ni saa tatu asubuhi.

Kituo cha pili: namba inadaiwa kabla ya saa

Fundi alibonyeza kitufe. Nilidhani jambo la kwanza ambalo Linux ingelifanya ni kuisoma ile saa ya betri. Sivyo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, huletwa kwenye kumbukumbu ikiwa imebanwa ili ichukue nafasi ndogo, na kabla haijafunguliwa lazima iamue ikae wapi. Ikikaa mahali palepale kila siku, mshambuliaji atajua mapema pa kulenga. Kwa hiyo hujichagulia mahali kwa nasibu, na mbinu hiyo inajulikana kwa herufi KASLR.

Nilimwomba fundi asimame hapo kidogo, maana hali yenyewe ilinishangaza. Kerneli haijafunguliwa. Haina saa, haina diski, haina mtandao, haina kibodi. Na tayari inadaiwa namba ambayo mtu hawezi kuibashiri.

Tuliufungua msimbo tuone inavyojitafutia riziki. Inaanza na maandishi ya toleo lake pamoja na taarifa ilizoachiwa na programu iliyoiamsha. Kisha inaiuliza prosesa kama ina amri ya RDRAND, ambayo Intel waliileta sokoni mwaka 2012 na ambayo hutoa namba nasibu kutoka kwenye saketi za ndani. Halafu inasoma kaunta ya mizunguko ya prosesa. Prosesa ikiwa haina amri hiyo wala kaunta hiyo, kerneli inachungulia kaunta ya chipu ya zamani ya kupimia muda. Yote inayoyapata inayakoroga pamoja, ili kimoja kikiwa dhaifu kingine kikifidie.

Tahadhari hiyo si woga wa bure. Mwaka 2019 prosesa za AMD za kundi la Ryzen 3000 zilitoka na kasoro: zikiombwa namba nasibu kwa RDRAND, zilirudisha namba ileile kila mara, biti zote zikiwa 1, huku zikieleza kwamba kazi imefanikiwa. Systemd, programu inayoanzisha huduma katika matoleo mengi ya Linux, ilikuwa ikitegemea amri hiyo kuzipa huduma namba zao za utambulisho. Baadhi ya kompyuta hazikuweza kuwaka mpaka marekebisho yalipotolewa. Ukitegemea chanzo kimoja tu, chanzo hicho kikiugua na wewe umeugua.

Kituo cha tatu: mlolongo wa sifuri

Mistari ilianza kumiminika kwenye skrini. Kila mmoja ulitanguliwa na mabano, na ndani ya mabano kulikuwa na sekunde zilizopita tangu mfumo uanze, zikiwa na tarakimu sita baada ya nukta. Mstari wa kwanza ulisema 0.000000. Wa pili 0.000000. Wa tatu vilevile. Kumbukumbu ilihesabiwa, prosesa ikatambuliwa, majedwali yakapangwa, na bado ni 0.000000.

"Fundi, saa imeganda?"

"Haijaanza, dada. Kazi zinafanyika, ila hajatokea wa kuzipimia."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Nje ya kasha la kompyuta muda unapita wenyewe, uupime usiupime. Ndani ya kasha, muda ni huduma inayotakiwa kujengwa, na mpaka ikamilike matukio yote huandikiwa sifuri.

Ujenzi wake ulinivutia. Ndani ya prosesa kuna kaunta iitwayo TSC, iliyoanza na Pentium ya Intel mwaka 1993. Huanza kuhesabu prosesa inapopata umeme na haichoki. Lakini inachohesabu ni mizunguko, si sekunde. Ukiambiwa imefika bilioni 5, huwezi kusema ni muda gani umepita mpaka ujue inakwenda mizunguko mingapi kwa sekunde. Kwa hiyo Linux huitafuta chipu ambayo mwendo wake unajulikana, kipima muda cha tangu PC za kwanza za IBM, kinachopiga mara 1,193,182 kwa sekunde. Huzitazama kaunta hizo mbili bega kwa bega kwa muda usiozidi milisekunde 50, hulinganisha, na hapo hujua mwendo wa prosesa. Mstari ulitokea ukitangaza kwamba TSC imepimwa. Muda mfupi baadaye sifuri zilikoma na sehemu za sekunde zikaanza kupanda.

Nikauliza asili ya 1,193,182, maana sasa nilijua namba za humu zina ukoo. IBM walitumia kioo cha megahezi 14.31818, ambacho ni mara nne ya wimbi la rangi la televisheni za Marekani, ili kompyuta iweze kuonyesha picha kwenye televisheni. Gawanya kwa 12, unaipata namba yetu. Kompyuta iliyokuwa mbele yangu Kariakoo ilikuwa ikipima sekunde zake kwa urithi wa televisheni za Marekani.

Kuna kaunta nyingine, inayoitwa jiffies, ambayo hupanda kila kerneli inapopiga hatua yake ya kawaida. Ningetarajia ianzie sifuri. Wahandisi wa Linux waliianzishia dakika tano kabla ya sifuri. Sababu yake ni ya busara. Kaunta ya biti 32 inayopanda mara 1,000 kwa sekunde hujaa na kurudi mwanzo baada ya siku 49.7, na programu iliyoandikwa vibaya huvurugika siku hiyo. Windows 95 ilipatwa na jambo hilo hasa, ikawa inaganda baada ya siku 49.7. Linux ikaona ni bora mzunguko huo utokee dakika tano baada ya kuwashwa, mbele ya macho ya mwandishi wa programu, kuliko kumngoja mteja baada ya wiki saba.

Kituo cha nne: Alhamisi, saa tisa usiku

Tukahamia kwenye Raspberry Pi 3. Nikaitafuta betri, sikuiona. Ubao huu hauna saa ya kudumu. Ni Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 iliyoanza kuwa na saa hiyo ndani, na hata hiyo betri yake hununuliwa kando. Fundi aliielekeza Pi isimame mapema, kabla ya huduma yoyote kuanza, kisha akanisogezea kibodi. Niliandika amri ya kuuliza tarehe.

Ilijibu: Alhamisi, tarehe 1 Januari 1970, 03:00 na sekunde kadhaa.

Nje muadhini alikuwa akiadhini adhuhuri, na mbele yangu ilikuwa saa tisa usiku, zaidi ya nusu karne iliyopita. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu sekunde kuanzia usiku wa manane wa siku hiyo kwa saa za UTC. Isiyojua saa huanzia sifuri, na sifuri hiyo, kwa saa za Afrika Mashariki, inaangukia saa tisa usiku.

Mtu anaweza kusema tarehe mbaya ni aibu ndogo. Fundi alinionyesha ukubwa wake. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kwa kompyuta iliyoko mwaka 1970, vyeti vyote vya leo havijaanza kutumika, hivyo inavikataa. Basi nenda ukachukue saa sahihi mtandaoni kwa njia salama! Njia salama inataka cheti, cheti kinataka saa, na saa ndiyo unayoitafuta.

Fundo hilo hufunguliwa kidogokidogo. Kwanza, programu iitwayo fake-hwclock huandika saa kwenye diski kila baada ya saa moja na pia kompyuta inapozimwa, kisha huirudisha inapowashwa. Saa hiyo imechelewa, lakini imechelewa kwa masaa au siku, si kwa miaka. Pili, systemd yenyewe inajua tarehe iliyotengenezwa, na haikubali saa iliyo nyuma ya hapo, kwa kuwa haiwezekani programu iwe inaendeshwa kabla ya kutengenezwa. Tatu, mtandao ukipatikana, kompyuta huuliza kwa NTP, itifaki ya David Mills iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, ambayo kwa umbo lake la kawaida haidai cheti. Kompyuta huandika saa ya kutuma swali. Seva huandika saa ya kulipokea na saa ya kujibu. Kompyuta huandika saa ya kupokea jibu. Kwa nyakati hizo nne hupatikana kosa la saa pamoja na muda uliotumika njiani.

Fundi aliiwasha upya Pi kwa njia ya kawaida, akachomeka waya wa mtandao na kunionyesha kumbukumbu za mfumo. Mistari miwili iliyofuatana ilikuwa na tarehe tofauti: mmoja wa jana jioni, mwingine wa leo mchana. Ile hesabu ya kwenye mabano haikuruka hata kidogo. Ndipo nikaelewa kwamba kompyuta ina muda wa aina mbili. Mmoja ni wa kalenda, unaoweza kusahihishwa mbele au nyuma. Mwingine hupima tu kilichopita tangu kuanza, na haurudi nyuma kamwe. Anayepima dakika kumi za kungoja jambo fulani aufuate huo wa pili.

Kituo cha tano: namba isiyo na pacha

Kufikia hapo swali langu la kwanza lilikuwa limepata jibu, na jibu lenyewe likalikoleza la pili. Saa nzuri ni ile inayolingana na saa za wengine, ndiyo maana inaweza kuazimwa. Namba ya pekee ni kinyume chake: thamani yake yote iko katika kutolingana na ya mtu mwingine, na ukiiazima imekufa. Kompyuta inayoamka inahitaji vitu hivyo viwili kwa wakati mmoja, na kwa miaka mingi waandishi wa programu walijaribu kukitengeneza cha pili kutokana na cha kwanza.

Mwaka 1995 Ian Goldberg na David Wagner, waliokuwa wanafunzi Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba kivinjari cha Netscape kilizalisha funguo zake za siri kutokana na saa ya wakati huo na namba za programu zilizokuwa zikiendeshwa. Saa haina siri. Anayejua takriban ulifungua ukurasa lini ana machache ya kubahatisha. Halafu ikaja kasoro ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliyoingia mwaka 2006 na kugunduliwa mwaka 2008: badiliko moja katika OpenSSL, programu ya kutengenezea funguo za siri, liliacha namba ya programu inayoendeshwa kuwa chanzo pekee cha nasibu. Namba hizo zilikuwa 32,768 tu, idadi ileile ya mitikisiko ya kioo chetu cha kwatzi. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kwenye aina moja ya mashine, ulimwengu mzima ulikuwa unagawana funguo 32,768.

Kisa kilichonifungua macho kuliko vyote ni cha mwaka 2012. Watafiti Nadia Heninger, Zakir Durumeric, Eric Wustrow na J. Alex Halderman walikusanya funguo za wazi za vifaa vilivyokuwa vikijibu kwenye intaneti. Waliweza kupata funguo za siri za RSA za asilimia 0.50 ya vifaa vilivyotumia TLS, itifaki ya tovuti salama, na asilimia 0.03 ya vilivyotumia SSH, itifaki ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali. Hawakuvunja mlango wa mtu. Walitumia hesabu tuliyofundishwa shule ya msingi, kigawo kikubwa cha shirika (KKS).

Fundi alinifanyia mfano kwa namba ndogo. Ufunguo wa RSA hutokana na kuzidisha namba tasa mbili zinazofichwa. Kifaa cha kwanza kimechagua 7 na 11, kikatangaza 77. Kifaa cha pili kimechagua 7 na 13, kikatangaza 91. Ukipewa 77 na 91, tafuta KKS: ni 7. Gawanya, na siri za vifaa vyote viwili ziko mezani. Kwa namba tasa zenye mamia ya tarakimu kazi ni ileile, na kompyuta huimaliza haraka.

Lakini kwa nini vifaa viwili vichague namba tasa ya kwanza ileile? Hapa ndipo saa na upekee vinapokutana. Vifaa hivyo, vingi vikiwa ruta na vingine vya aina hiyo visivyo na kibodi wala skrini, vilitengeneza funguo zao mara tu vilipowashwa kwa mara ya kwanza. Havikuwa vimekusanya chochote cha kuvitofautisha, hivyo vikaanza na hali ileile na kutoa namba tasa ya kwanza ileile. Katikati ya kazi, saa ya kifaa ikageuka sekunde. Sekunde hiyo ikaingia kwenye mchanganyiko wa kifaa kimoja mapema kidogo kuliko kwenye wa mwenzake, na namba tasa ya pili ikawa tofauti. Vingefanana kwa namba zote mbili, vingekuwa pacha. Vingetofautiana kwa zote mbili, vingekuwa salama. Sekunde moja ya saa ilivitofautisha nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyovifichua.

Kituo cha sita: kungoja na kuhifadhi

Tulirudi kwenye skrini kutafuta mstari mmoja tu, ule unaotangaza kwamba jenereta ya namba nasibu ya kerneli iko tayari. Kabla ya mstari huo, kerneli inakusanya vipande vya kutotabirika: diski imejibu wakati gani hasa, pakiti ya mtandao imefika lini, kibodi imeguswa lini, kwa vipimo vya sehemu za bilioni ya sekunde. Inalenga kufikisha biti 256. Tangu mwaka 2014, katika Linux 3.17, kuna wito uitwao getrandom ambao humsubirisha mwombaji mpaka kazi hiyo ikamilike.

Kusubiri nako kuna gharama. Mwaka 2019, Linux 5.3 ilipokuwa inaandaliwa, boresho katika mfumo wa mafaili wa ext4 lilipunguza safari za kwenda kwenye diski. Diski ikajibu mara chache, vipande vya kutotabirika vikapungua, na kompyuta moja ikabaki imeganda kabla ya kumfikisha mtumiaji kwenye skrini ya kuingilia, ikingoja namba nasibu ambazo hakuna kilichokuwa kikizizalisha. Boresho zuri la diski liliziba chemchemi ambayo hakuna aliyejua inategemewa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliliondoa boresho hilo kwanza, kisha katika Linux 5.4 akaifanya kerneli ijitengenezee yenyewe: inazunguka ikisoma kaunta ya prosesa huku kipima muda kikiikatiza, na tofauti ndogondogo za mwendo, ambazo hakuna anayeweza kuzitabiri kwa ukamilifu, zinakuwa malighafi. Ile kaunta niliyokutana nayo kwenye mlolongo wa sifuri ikajitokeza tena, safari hii kwa kazi ya kutofautisha.

Njia ya pili ya kujipatia nasibu, ile ya kuhifadhi, niliielewa mara moja kwa sababu niliiona jikoni kwa bibi. Usiku, moto ukishamaliza kazi, alifukia kaa moja kwenye majivu, na asubuhi aliwashia moto mpya bila kwenda kuomba kwa jirani. Linux hufanya vivyo hivyo. Inapozimwa huhifadhi kwenye diski mbegu ya namba nasibu, na inapoamka huitia mbegu hiyo kwenye mchanganyiko wake. Kisha, na hili ni muhimu, huandika mbegu mpya papo hapo. Hivyo hata umeme ukikatika ghafla kabla ya kuzima vizuri, mbegu ya jana haitatumika tena kesho.

Kituo cha mwisho: jina

Skrini iliomba nenosiri. Fundi akaingia, akaniachia kibodi, nikaomba kusoma faili iitwayo boot_id. Ilitoka namba ndefu ya herufi na tarakimu, imegawanywa kwa vistari katika makundi matano. Kundi la tatu lilianza na 4. Tukazima, tukawasha, nikasoma tena. Kila kundi lilibadilika, lakini la tatu bado lilianza na 4. Tarakimu hiyo hutangaza kwamba namba imetengenezwa kwa nasibu. Kati ya biti 128, biti 122 ni za bahati, na zinatosha kwa kila kuwaka kwa kila kompyuta duniani kuwa na namba yake.

Namba ya pili, machine-id, haibadiliki. Hutengenezwa mara moja, kompyuta inapoanza maisha, na hukaa kwenye faili ikiwa na tarakimu 32. Hapa fundi, aliyekuwa mpole siku nzima, alibadilisha sauti. Alisema kuna watu wanaoandaa kompyuta moja vizuri, wakainakili diski yake nzima kwenye nyingine ishirini za shule au ofisi, pamoja na machine-id, funguo za SSH na ile mbegu ya nasibu. Kisha wanashangaa kompyuta mbili zikipewa anwani moja ya mtandao. Katika baadhi ya matoleo ya Linux, utambulisho unaopelekwa kwa seva inayogawa anwani hutokana na machine-id, hivyo kwa seva ile kompyuta zote ishirini ni mteja mmoja. Hilo la anwani huonekana siku ileile. La funguo za siri kufanana hukaa kimya mpaka aje mwizi.

Nilichojifunza safarini ni kwamba kompyuta haizaliwi na saa wala jina. Hupata vyote viwili katika sekunde zake za mwanzo, kwa kuuliza, kwa kulinganisha na kwa kusubiri, na anayeipokonya nafasi ya kufanya hivyo huidhoofisha kwa maisha yake yote.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaotunza kompyuta mashuleni, zahanatini na maofisini mfanye mambo matatu. Kompyuta ikianza kuamka na tarehe ya ajabu, badilisheni betri ya CR2032 kabla hamjaulaumu mtandao. Mkinakili diski, ifanyeni machine-id kuwa tupu, futeni funguo za SSH na mbegu ya nasibu, na mhakikishe kila nakala inatengeneza vyake. Na kifaa kipya kikichelewa kidogo mara ya kwanza kinapowashwa, msikizime. Kiacheni kimalize.